Kitambi na Afya: Kazi ya Protini Zitokazo Katika Mafuta ya Mwili

Kwa miaka mingi, mjini na kijijini, kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya neema. Mtu akinenepa baada ya mavuno mema au baada ya kupandishwa cheo, majirani humsifu kwamba amependeza. Akikonda, huulizwa ana maradhi gani. Sifa hizo hazikuzuka bure. Katika nchi iliyojua miaka ya njaa, mwenye akiba mwilini alikuwa na matumaini makubwa zaidi ya kuuona msimu unaofuata. Lakini uchunguzi wa wataalamu tangu miaka ya 1990 umebadili fikra za zamani kuhusu akiba hiyo. Mafuta ya mwili si mzigo uliolala kama magunia yaliyopangwa ukutani. Ni kiungo kinachofanya kazi usiku na mchana, kinachotengeneza protini na kuzituma katika damu ili zipeleke habari kwenye ubongo, ini, misuli na mishipa. Mafuta yakiwa ya kiasi, habari hizo huulinda uhai. Yakizidi, habari hugeuka, na mwili huanza kuungua polepole bila mwenyewe kuona moshi.

JAMBO LINALOWAHUSU WANACHAMA

Wapo watakaosema kwamba unene ni shauri la matajiri wa mjini. Hesabu zinasema vingine. Utafiti uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Wakati huo ilikuwa haki kuuita ugonjwa wa nadra vijijini. Tangu hapo maisha yamebadilika. Safari nyingi za miguu zimechukuliwa na pikipiki, na mafuta ya kupikia, sukari na soda hupatikana katika maduka ya vijijini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 mtu 1 katika kila watu 8 alikuwa na unene wa kupindukia.

Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo hufuatana na unene huo, ingawa huweza kumpata hata mtu mwembamba. Kisukari kisichotunzwa huharibu macho, figo na neva za miguu. Mkulima asiyeisikia miguu yake hukanyaga mwiba asijue. Kidonda huoza, na mwisho mguu hukatwa. Familia hupoteza nguvu ya mlezi wake, chama hupoteza mazao ya mwanachama, na shamba hugeuka pori. Ndiyo sababu inafaa katibu na mwanachama waelewe mambo yanavyokwenda ndani ya mwili kabla hasara haijafika.

PROTINI ZA SAHANI NA PROTINI ZA MWILI

Katika mafunzo ya lishe, wananchi wamefundishwa kwamba maharage, dagaa, mayai, nyama na maziwa vina protini zinazojenga mwili. Mafunzo hayo yangali kweli. Lakini protini zinazozungumzwa katika makala haya si zile za sahani. Mtu alapo maharage, tumbo na utumbo huzivunja protini zake vipande vidogo vidogo, kama fundi abomoaye nyumba ya zamani ili apate matofali. Kwa matofali hayo mwili hujenga protini zake wenyewe, za maelfu ya namna, kila moja na kazi yake. Nyingine hujenga misuli, nyingine hugandisha damu penye jeraha, na nyingine ni wajumbe: hutoka katika kiungo kimoja, husafiri katika damu, hufika kwenye kiungo kingine na kutoa amri. Insulini, itokayo katika kongosho, ni mjumbe wa namna hiyo.

Tofauti hii ikumbukwe, kwa sababu wapo wachuuzi wauzao unga na vidonge kwa madai kwamba vina protini ya kuyeyusha kitambi. Protini ikimezwa, huvunjwa kama ile ya maharage. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anayehitaji insulini huchomwa sindano, hapewi kuinywa.

GHALA NA MTUNZA GHALA

Gramu 1 ya mafuta hutoa nguvu zipatazo kilokalori 9, hali gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa zipatazo 4 tu. Kwa hiyo mafuta ndiyo akiba nyepesi kubebwa. Chakula kikizidi mahitaji, ziada hugeuzwa mafuta na kuwekwa ndani ya chembe hai maalumu, zilizo chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Kila chembe ni kama ghala dogo linaloweza kutanuka.

Chama chenye ghala huhitaji mtunza ghala wa kuandika hesabu na kuipeleka ofisini. Kamati isipoijua akiba iliyopo, haitajua lini inunue na lini iache. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza kama ghala la mwili nalo lina taarifa yake.

Jibu lilianzia kwa panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wenye kasoro ya urithi: walikula bila kutosheka hata wakanenepa kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 na 1970, mtaalamu Douglas Coleman wa maabara hiyo alifanya majaribio ya kuwaunganisha panya wawili wawili, hata damu yao ikachanganyika. Panya hao wanene walipopata damu ya wenzao wa kawaida, walipunguza kula. Coleman akatambua kwamba katika damu ya panya wa kawaida mna kitu kinachouambia ubongo kwamba akiba inatosha.

Kitu hicho kilijulikana mwaka 1994, wakati Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoipata jeni inayoagiza kitengenezwe. Kilikuwa protini, nayo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Hutengenezwa na chembe za mafuta zenyewe. Ghala likijaa, leptini huongezeka katika damu na hamu ya kula hupungua. Ghala likipungua, leptini hushuka na njaa huamka.

Kwamba mambo ni hivyo hata kwa binadamu, ilithibitika nchini Uingereza. Mwaka 1997 ilitolewa taarifa juu ya watoto 2 wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Walikuwa na njaa isiyokoma tangu uchanga, na unene mkubwa mno. Taarifa ya mwaka 1999 ilieleza kwamba mmoja wao, mwenye umri wa miaka 9, alipochomwa sindano za leptini, hamu yake ya kula ilipungua na uzito ukashuka.

Hapo wengi walidhani kwamba dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo, kwa maana watoto wa namna hiyo ni wachache sana duniani. Watu wanene karibu wote hawana upungufu wa leptini. Wanayo nyingi kuliko wembamba. Barua zimerundikana mezani, lakini ofisi imeacha kuzisoma. Ubongo umezoea wingi wake, nayo haifanyi kazi kama ipasavyo.

GHALA LINAPOFURIKA

Chembe ya mafuta ikitanuka kupita kiasi, damu huifikia kwa shida, oksijeni hupungua, na baadhi ya chembe hufa. Kila mtunza ghala ameona jambo kama hilo: magunia yakishindiliwa hadi darini, hewa haipiti, na ya chini hushika ukungu. Chembe zilizosongwa hutoa protini za kuita msaada. Wanaoitwa ni walinzi wa mwili, yaani chembe nyeupe ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kula vijidudu na mabaki ya chembe zilizokufa.

Mwaka 2003 makundi 2 ya wachunguzi nchini Marekani yalitoa taarifa zilizofanana. Katika mafuta ya watu wembamba, makrofaji ni chini ya asilimia 10 ya chembe zote. Kwa watu wanene sana hukaribia asilimia 40. Zikitazamwa kwa darubini, huonekana zimezizunguka chembe zilizokufa pande zote.

Kazi ya walinzi hao ni njema wakati wa jeraha. Kidole kikikatwa, mahali pale hupata joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Hali hiyo huitwa mchochota. Walinzi hutoa protini kali za kupigana na vijidudu. Kazi ikiisha huondoka, na kidonda hupona. Katika mafuta yaliyofurika kazi haiishi, kwa kuwa chanzo chake hakiondoki. Mchochota wake ni mdogo, hauumi wala hauonekani, lakini hudumu kwa miaka. Protini zake huingia katika damu na kusambaa mwili mzima. Mojawapo, iitwayo intalukini ya 6, ikifika kwenye ini huliamuru litengeneze protini nyingine, ambazo daktari akizipima hutambua kwamba mwili una mchochota. Katika kuta za mishipa ya damu, mchochota husaidia mafuta kujijenga na kuibana njia. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazokiunganisha kitambi na maradhi ya moyo na kiharusi.

UFUNGUO UPO, KUFULI LIMEKWAMA

Protini nyingine ya mchochota hujulikana kwa herufi TNF. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao, waliokuwa wakifanya kazi Boston, Marekani, walitoa taarifa kwamba mafuta ya wanyama wanene hutengeneza TNF nyingi kuliko ya wanyama wembamba, na kwamba TNF hiyo ilipozuiwa, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi.

Maana yake ni hii. Baada ya mlo, sukari itokayo katika ugali, wali au viazi huingia katika damu. Kongosho hupeleka insulini, nayo hufika kwenye misuli kama ufunguo, mlango hufunguka na sukari huingia kutumika. TNF huamsha ndani ya chembe mabadiliko yanayolikwamisha kufuli. Ufunguo upo, lakini haugeuki. Wakati huohuo, mafuta yaliyokosa nafasi katika ghala lililofurika humwagikia kwenye ini na misuli, yakazidisha ugumu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka kadhaa huweza kuushinda ugumu huo. Mtu huyo hajioni mgonjwa. Lakini nguvu za kongosho zikipungua, sukari hubaki katika damu, na kisukari cha aina ya pili huanza.

Ieleweke kwamba TNF si mhalifu wa pekee. Majaribio ya kuizuia yenyewe tu kwa binadamu hayakuleta katika kisukari nafuu iliyotarajiwa, kwa kuwa wajumbe wa mchochota ni wengi na hushirikiana. Dawa ya kweli ni kupunguza mzigo wa ghala lenyewe.

SI MAFUTA YOTE YALIYO SAWA

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara makubwa kama yale yanayozunguka matumbo. Haya ya ndani hushikwa na mchochota kwa urahisi, na damu yake nyingi huelekea moja kwa moja kwenye ini. Kwa hiyo watu wawili wenye uzito sawa huweza kuwa na hatari tofauti, na mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini kitambi kikubwa asijidanganye kwamba yu salama.

Katika mafuta hutoka pia protini iitwayo adiponektini, iliyotambuliwa katikati ya miaka ya 1990 na wachunguzi wa Marekani na Japani. Huyu ni mjumbe wa amani: huisaidia insulini na kuutuliza mchochota. Mtu angetazamia kwamba mwenye mafuta mengi ana adiponektini nyingi. Kumbe ni kinyume: kitambi kikiongezeka, adiponektini hupungua.

Hata hivyo mafuta si adui. Wapo watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta ya mwili. Wao nao hupatwa na kisukari kikali, kwa sababu chakula cha ziada hakina pa kuwekwa, na hujaa katika ini. Mwili usio na ghala na mwili wenye ghala lililofurika hufika kwenye hasara ileile.

LAWAMA SI DAWA

Mtu mnene huchekwa kwamba ni mlafi au mvivu. Elimu ya leptini inaonyesha kwamba maneno hayo hayana haki. Mtu akipunguza chakula ghafula, leptini hushuka haraka, na ubongo hudhani kwamba njaa kuu imeingia nchini. Huongeza hamu ya kula na kubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana wengi waliojinyima kwa mwezi mmoja hurudi walipokuwa. Afaaye kupunguza uzito apunguze polepole, kwa mwendo anaoweza kudumu nao.

Katika miaka ya karibuni zimetengenezwa sindano zinazoiga homoni ya utumbo, nazo hupunguza uzito sana kwa watu wengi. Lakini bei yake ni kubwa, zinahitaji uangalizi wa daktari, na kwa kawaida mtu akiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi.

YAWEZEKANAYO

Habari njema ni kwamba si lazima mtu awe mwembamba ndipo apone. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kila juma. Katika muda wa karibu miaka 3, kisukari kilipungua katika kundi hilo kwa asilimia 58, kikilinganishwa na kundi lisilopewa mafunzo hayo wala dawa. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo tu. Ghala likipunguziwa mzigo, protini za mchochota hupungua na ufunguo wa insulini hugeuka tena.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji gharama. Mtu achukue kamba yenye urefu sawa na kimo chake kutoka utosini hadi unyayoni, aikunje katikati, kisha aizungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chake hakijazidi nusu ya kimo. Zisipokutana, akiba imezidi, na inafaa aende akapimwe sukari na shinikizo la damu. Kipimo hiki hakiwahusu wajawazito.

Vyama vya msingi vinaweza kufanya mambo yafuatayo:

1. Kamati imwombe mganga wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ahudhurie Mkutano Mkuu wa mwaka, awapime wanachama sukari na shinikizo la damu kabla ya mkutano kuanza.

2. Katika vikao, soda na maandazi vipunguzwe, na mahali pake viwekwe maji, matunda na karanga za kiasi.

3. Makatibu, wahasibu na watumishi wengine wanaoketi mchana kutwa wapate nafasi ya kutembea kila siku. Dakika 30 kwa siku 5 za juma hutimiza zile 150.

4. Chama chenye duka kihakikishe kwamba maharage, kunde, dagaa na mboga havikosekani, wala rafu zisijazwe sukari na mafuta ya kupikia peke yake.

5. Mwanachama anayetumia dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu asiiache kwa kuwa amekonda, mpaka daktari amwambie.

Ushauri wa kupunguza chakula hauwahusu watoto wadogo, wajawazito, wanaonyonyesha wala waliodhoofika kwa maradhi. Katika nyumba moja huweza kuwapo mtoto mwenye utapiamlo na mzazi mwenye kitambi. Mtoto aongezewe maharage na maziwa, na mzazi apunguze sukari na mafuta.

Hakuna kamati ambayo ingekubali ghala la chama lijazwe mwaka hadi mwaka bila kuhesabiwa, kisha ishangae siku mazao yatakapooza. Mwili nao unastahili hesabu hiyo. Kamba iliyotumika msimu huu iwekwe, itumike tena msimu ujao, na mwanachama aone kama ncha zimekaribiana au zimeachana zaidi.